Nyumba Yako, Kiwanja cha Nani? Bibi Zetu na Suala la Mahali pa Kuishi



Msimu wa harusi ukianza, mazungumzo ya hina, singo na nguo ya kutokea huwa matamu, lakini hayakeshi. Linalokesha ni makazi. Bwana harusi ana chumba kwao, pamoja na kaka zake na wake zao. Bibi harusi kazi yake iko upande wa pili wa mji. Au bwana yuko Dar es Salaam, au Mombasa, au Muscat, na mke ndiye anayetakiwa afunge mizigo. Tupange kwanza? Tununue kiwanja tujenge polepole, tofali kwa tofali? Tukae kwa mavyaa mwaka mmoja mpaka tujikusanye?

Leo tunataka kurudi nyuma kidogo, kwa sababu swali hili tunaliuliza kana kwamba lilizaliwa pamoja na madalali na matangazo ya fleti. Bibi zetu walilijua. Nao hawakuwa na njia mbili tu, kupanga au kununua. Pwani yetu ilikuwa na njia nne au tano, na katika nyingi ya hizo mwenye nyumba alikuwa mwanamke. Kulikuwa na nyumba iliyokuwa mali ya mke huku ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine. Kulikuwa na nyumba isiyoweza kuuzwa na yeyote mpaka siku ya Kiyama. Kulikuwa hata na namna ya kuiuza nyumba yako, kuendelea kulala humohumo, na kuamka ukiwa mpangaji.

Tuanze Lamu, maana huko bibi harusi hakuhama kabisa.

Katika familia za waungwana wa Lamu, wale wenye majumba ya mawe ya karne ya 18 ambayo wageni huyapiga picha mpaka leo, aliyehama alikuwa mwanamume. Baba mwenye uwezo alimwandalia binti yake nyumba. Pengine iliongezwa ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, pengine ilijengwa nyumba ya pili ubavuni au ng'ambo ya uchochoro. Mume aliletwa kuja kukaa ndani yake. Ukitembea Lamu ukainua macho utaona wikio, kile chumba kilichopita juu ya njia kikaunganisha nyumba mbili. Kwa wengi ni pambo. Kwa mwanamke wa zama zile ilikuwa njia: alivuka kwenda kwa mama yake au dada yake bila kushuka mtaani.

Sababu zake zilikuwa za kimaisha hasa. Wanaume wengi walikuwa watu wa bahari na biashara, wakiondoka na upepo mmoja na kurudi na mwingine, kusi na kaskazi. Mke aliyeachwa peke yake miezi kadhaa ni bora awe karibu na mama yake kuliko katikati ya mawifi asiowazoea. Tena ndoa huvunjika, na haikuanza leo. Ikivunjika, aliyechukua kikapu chake alikuwa mume. Mke na watoto walibaki chini ya boriti zilezile.

Hapa pana fikra ya kisheria pia ambayo tunaona inasahauliwa. Baba akifariki, nyumba huingia katika mirathi, na katika mirathi binti ana fungu lake, lakini fungu la nyumba si nyumba. Warithi wakiwa saba, kila mmoja ana haki katika kila ukuta, na mwisho wake mara nyingi ni kuuza na kugawana. Ndiyo maana wazazi waliotaka binti awe na paa kamili walimpa wangali hai, kwa hiba, au wakaifanya nyumba kuwa wakfu wa kizazi chao. Ngazidja, kwa ndugu zetu Wangazija, mila ilikwenda mbali zaidi: nyumba hujengwa kwa ajili ya binti, mume huingia kwake, na ipo mali ya ukoo inayopita kwa wanawake tu, kutoka mama kwenda kwa binti.

Tusiipake sukari Lamu, hata hivyo. Nyumba ile ya juu yenye zidaka na vyombo vya kauri ilibebwa na kazi ya wanawake wengine waliolala chini, au katika vibanda vya makuti nje ya mtaa wa mawe. Mtumwa hakupewa nyumba siku ya harusi yake. Na ni wanawake hao, pamoja na binti zao, wanaotupeleka Unguja.

Unguja nako palikuwa na wanawake wenye mali. Sheria ya Kiislamu haikumnyima mke mali yake kwa sababu ameolewa: mahari ni yake, urithi wake ni wake, na pamoja na hayo mume ndiye anayewajibika kumpatia makazi yanayomfaa. Mambo haya mawili yakikutana, mwanamke anaweza kuwa na nyumba anayoipangisha huku akikaa kwa mumewe, na haikuwa ajabu mjini kwetu.

Lakini kuwa na mali na kuamua pa kukaa ni vitu viwili. Mfano tunaoupenda ni wa Sayyida Salme, binti wa Sultan Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Baba yake alipofariki mwaka 1856 alipata urithi wake, mashamba na fedha, akiwa bado msichana mdogo. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anasimulia alivyopenda kukaa Bububu karibu na bahari, na jinsi alivyoiacha nyumba ile kwa ombi la kaka yake Sultan Majid, kwa kuwa balozi mdogo wa Uingereza aliitaka. Akahamia mjini. Jirani wa nyumba aliyohamia alikuwa mfanyabiashara wa Kijerumani. Mengine yaliyofuata, mpaka kuondoka kwake Unguja mwaka 1866, mnayajua. Binti wa mfalme mwenye mashamba alihamishwa kwa ombi la kaka, na jirani akageuza maisha yake yote. Wazee wanaposema chagua jirani kabla ya nyumba huwa hawatii chumvi.

Sasa tuvuke Darajani.

Mji wa mawe ulizungukwa na maji karibu pande zote, na upande wa mashariki mkono wa bahari uliutenga na makaazi ya ng'ambo. Jina likabaki hivyo: Ng'ambo. Mwaka 1897 utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba. Masuria hawakuingizwa katika sheria ile. Wao walisubiri mpaka mwaka 1909, na hilo peke yake lataka makala yake. Baada ya hapo watu wengi waliokuwa mashambani walifanya uamuzi uleule tunaoufanya sisi leo. Wabaki shamba, walime karafuu za mwenyewe na wakae kwa ridhaa yake, au waje mjini? Wengi walikuja mjini, na wanawake hawakuwa wachache kati yao.

Mmoja wao tunamjua kwa jina. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mnamo mwaka 1880, wazazi wake wakiwa watu walioonja utumwa. Alikuwa akifinyanga vyungu na kuja kuviuza mjini, akitembea na kunadi kwa sauti iliyomfanya ajulikane kabla hata hajaimba taarabu. Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja, akakaa Ng'ambo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, na nyumbani kwake Ng'ambo palikuwa mahali pa kukutana wasanii na majirani. Tunapomkumbuka huwa tunaanza na sauti. Sisi leo tunamkumbuka kwa ule uamuzi wa kuhama.

Mwanamke kama yule, asiye na baba wa kumjengea ghorofa, alipata wapi nyumba? Jibu ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Hakununua kiwanja, kwa kuwa hakuwa na fedha hizo. Wala hakulazimika kupanga chumba maisha yake yote. Alijenga nyumba yake juu ya ardhi ya mtu.

Mpango ulikuwa hivi. Mwenye ardhi alikuruhusu ujenge. Ukaweka miti, ukafunga fito, ukakandika udongo, ukaezeka makuti, na baadaye mwenye uwezo akaezeka bati au madebe yaliyokunjuliwa. Nyumba ikawa yako: unaweza kuiuza, kuirithisha, kuipangisha, kuiweka rehani. Ardhi ikabaki yake. Mwanzoni wengi hawakulipa kitu, au walilipa kidogo sana, kwa kuwa mwenye ardhi wa zamani alipenda kuwa na watu waliomzunguka na kumheshimu, na sehemu nyingine za ardhi zilikuwa wakfu. Udongo, fito na makuti havikuhitaji mtaji mkubwa. Majirani walisaidia kukandika, nawe ukawalisha siku hiyo.

Umbo la nyumba yenyewe lilimfaa mwanamke mwenye akili ya biashara. Mbele baraza. Ukiingia, ukumbi uliokwenda moja kwa moja mpaka ua wa nyuma, na vyumba huku na huku, mara nyingi sita. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na watoto wake, vyumba vingine akavipangisha, na uani wote wakachangia kisima, jiko na choo. Hiyo ndiyo iliyokuwa pensheni ya mwanamke mjane au aliyeachwa. Mombasa, kule Majengo, ilikuwa hivyohivyo, na mpaka leo watu wa Mombasa wana jina lake: nyumba bila ardhi. Wanawake wengi walipendelea kuweka fedha zao hapo kuliko katika dhahabu. Bangili huuzwa mara moja, ila chumba hulipa kila mwezi.

Kwa hiyo ukiuliza bibi wa Ng'ambo wa mwaka 1920 alikuwa amepanga au amenunua, swali linateleza. Alikuwa mwenye nyumba kwa wapangaji wake, na mpangaji kwa mwenye kiwanja. Alipokea kodi kwa mkono wa kulia na kutoa kwa wa kushoto.

Mkono wa kushoto ndio ulioleta shida. Mji ulipokua, ardhi ya Ng'ambo ikapata thamani. Ikapita mikononi mwa watu walioitazama kama biashara, wakaanza kudai kodi ya kiwanja kwa ukali na kuipandisha. Asiyelipa alipelekwa mahakamani, na nyumba yake iliweza kuvunjwa. Hebu fikiria: kuta ni zako, umezikandika wewe, lakini huwezi kuzibeba ukahama nazo. Mwenye kupanga chumba akipandishiwa kodi hufunga virago. Mwenye nyumba juu ya kiwanja cha mtu hana pa kwenda, na mwenye kiwanja anajua.

Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Haikuwa fujo ya siku moja. Ilikuwa ni mtaa kwa mtaa, watu kukubaliana wasilipe, na wanawake wenye nyumba zao walikuwemo, maana kodi ile iligonga mlango wao kwanza. Hoja yao ilikuwa na uzito wa dini na wa ada kwa pamoja: ardhi waliyoruhusiwa kukaa kwa ihsani, tena nyingine ikiwa wakfu, imegeukaje kuwa ya kukamuliwa? Watu walikamatwa na ghasia zikatokea. Mwaka huohuo serikali ikatunga sheria ya kuzuia kodi za viwanja zisipandishwe ovyo. Sisi tunaona huu ni ushindi wa kupigiwa mfano, na tunasikitika kwamba mabinti wetu wanaweza kumaliza skuli bila kuusikia.

Je, waliokuwa na ardhi na nyumba vyote viwili walisalimika? Si wote. Hapa inaingia bei ya khiyari, jambo ambalo kila anayefikiria kununua kwa mkopo lazima alijue, kwa kuwa lilivaa kanzu ya halali.

Tuseme Bi mkubwa mmoja ana nyumba ya mawe na anataka rupia 500 za harusi ya mwanawe. Riba ni haramu, kwa hiyo hakopi. Badala yake anamuuzia mwenye fedha nyumba yake kwa rupia 500, kwa sharti kwamba ndani ya muda fulani akirudisha rupia zilezile nyumba inarudi kwake. Hiyo ndiyo khiyari. Lakini hahami. Anabaki ndani, sasa kama mpangaji, na kila mwezi analipa kodi kwa mnunuzi. Kwenye karatasi ni mauzo na upangaji, vyote halali. Kwenye mfuko wake kodi ile inafanya kazi ya riba, na rupia 500 haziteremki hata moja. Muda ukiisha bila ya kurudisha, nyumba imekwenda.

Kwa njia hii na nyinginezo mashamba ya karafuu na nyumba vilipita mikononi mwa wakopeshaji, mpaka katika miaka ya 1930 madeni ya wenye mashamba yakawa mzigo mkubwa hata serikali ikaingilia kwa sheria. Tumeieleza kwa urefu kwa sababu harusi zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowapeleka watu kwa wakopeshaji. Ukumbi wa siku moja, nyumba ya maisha. Tunalisema kwa upole, tukijua nasi tunapenda ukumbi uliopambwa.

Mapinduzi ya mwaka 1964 yalibadilisha hesabu yote. Ardhi ikawa ya serikali, na majumba mengi ya mjini yakataifishwa. Kwa mwenye nyumba wa Ng'ambo, yule mwenye kiwanja wa kulipwa kila mwezi akatoweka. Kwa familia nyingine za Mji Mkongwe, nyumba ya bibi ikapata wakaazi wengine, na mpaka leo kuna waliorudi kutoka nje wakasimama barazani wakaitazama tu. Majeraha haya yako pande zote mbili, na hatudhani makala ya mitindo na ndoa ndiyo mahali pa kuyapima.

Zikaja fleti. Kikwajuni zilijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kisha yakaja majumba marefu ya Michenzani, yaliyoendelea kujengwa katika miaka ya 1970. Ili yasimame, nyumba nyingi za udongo zilivunjwa, na waliovunjiwa wakapewa fleti. Maji ya bomba na umeme si vitu vya kubeza. Ila fikirieni yule bibi wa vyumba sita. Fleti ni ya familia moja: haina vyumba vya kupangisha uani, kwa kuwa haina ua. Alipata nyumba bora kuliko ile aliyoipoteza, akapoteza kodi iliyokuwa ikimlisha, na majirani aliokandika nao ukuta wakagawanywa ghorofa mbalimbali. Waliopanga mipango walihesabu familia na vyumba. Hatuoni kwamba walimhesabu yeye kama mfanyabiashara.

Hapa ndipo tulipo sisi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1992 inashikilia kwamba ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na mtu anachopewa ni haki ya kuitumia. Kwa hiyo dalali anapokuambia "unanunua kiwanja", unachonunua ni haki hiyo, na haki huthibitishwa kwa karatasi. Barua ya sheha si hati. Mji Mkongwe kuna jambo la ziada: nyumba nyingi ni wakfu, na wakfu hauuzwi, haurithiwi, hautolewi zawadi. Unaweza kuupanga tu. Kabla familia haijatoa hata shilingi ya kishika mkono kwa nyumba ya zamani, mtu na aende Kamisheni ya Wakfu akaulize. Ni safari ya asubuhi moja.

Na lipo moja ambalo mabibi wa Lamu na wa Ng'ambo, pamoja na tofauti zao zote, walilitatua mapema: nyumba ni ya nani kwa jina. Tunakutana na dada wanaouza bangili za mahari kununua saruji, wakaweka mshahara wao kwenye linta na mabati, juu ya kiwanja ambacho karatasi yake ina jina la mume, au la baba mkwe, au haina jina kabisa kwa sababu ni "cha familia". Hiyo ni Ng'ambo ya mwaka 1920 tena, isipokuwa mwenye kiwanja safari hii ni mavyaa na mawifi. Mume akifariki, eda haijaisha, warithi wanakaa kugawana, na kuta zako zimo katika mirathi ya mtu mwingine.

Hakuna aibu kuliandika. Kama ni mchango wako, iandikwe kuwa ni mchango wako, kiasi gani na lini. Kama umempa mume kuwa zawadi, iwe umempa ukijua. Kama mnajenga kwa ubia, iandikwe ni ubia, na mashahidi wawili wanatosha kuanzia. Kama mnapanga kwanza, pangeni bila kuona haya mbele ya watu. Kodi ni wajibu wa mume, na muda huo dhahabu yako imekaa sandukuni kwako. Wapo wanaoona kupanga ni dalili ya umasikini. Sisi tunaona wanandoa wapya waliopanga miaka miwili mtaa wanaoupenda, wakamjua jirani, wakaijua barabara wakati wa masika, wako mahali pazuri zaidi pa kununua kuliko waliokimbilia kiwanja cha mbali kwa sababu binamu kanunua huko.

Mazungumzo haya yafanywe kabla ya posa kujibiwa, wakati mshenga bado anakwenda na kurudi. Baada ya fungate kila neno la nyumba husikika kama lawama. Mshenga aulize waziwazi: bibi harusi atakaa wapi, kwa nani, kwa muda gani, na karatasi ina jina la nani. Bibi zetu wa Lamu hawakuona haya kuuliza, na bwana harusi alikuja na mkeka wake.